Akteri Aliyepuliza Ngumi

Mpaka leo, mtu akiniambia filamu za karate ni upuuzi, namwangalia tu nikijua huyo hajawahi kuona mtu akipigana na genge zima huku ameshika bakuli la supu, na supu isimwagike. Mimi nimeona. Niliona Kimanga, mtaa wa mji wetu wa Uvira, Kongo, ndani ya nyumba ya mbao iliyozibwa madirisha kwa magunia, wakati wa vita, shule zikiwa zimefungwa na sisi vijana hatuna la kufanya ila kungoja. Sijawahi kuona kazi ya mikono iliyonipendeza kuliko ile, na nimeona waashi, nimeona wasusi, nimemwona mama yangu akianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Sisi tulisema karate. Baadaye wenye kujua walikuja kunisahihisha kwamba nyingi ya zile zilikuwa kung fu, na karate ni kitu kingine cha watu wengine. Nawashukuru. Uvira tulisema karate na hakuna ngumi iliyolalamika.

Lakini sikwenda kule kwa kupenda. Nilitumwa. Papa, yaani baba yetu, alikuwa na shamba la mpunga bondeni Luberizi, na asubuhi moja, akiwa njiani na baiskeli yake, alikutana na watu wenye bunduki. Walichukua baiskeli, na walipokwisha kuichukua wakamvunja nyonga kwa vitako vya bunduki, kwa sababu ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kunieleza. Aliletwa nyumbani, mtaa wa Mulongwe, amebebwa kwenye machela ya miti. Tangu hapo alikuwa mtu wa kushikwa ili asimame, kushikwa ili akae, na shamba likabaki na nyasi zake.

Yaya, ndivyo nilivyomwita kaka yangu mkubwa, hakulia. Ingekuwa heri angelia. Alianza kushinda kwenye video, ile nyumba ya mbao ya filamu, na kila mtu mtaani alijua maana yake, kwa sababu palepale kwenye video ndipo alipokuwa akipita yule kijana aliyekusanya wenzake kuwapeleka milimani kwa wapiganaji. Alikuwa na maneno matamu na karanga za kugawa. Wengine waliomfuata hawajarudi mpaka sasa. Mama zao nasali nao kanisa moja.

Basi mama aliniita jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

"Uende naye huko kwa video," akasema. "Asibakie peke yake na bale batu. Weye Mungu alikupa mudomo. Utumie."

Nilikwenda kama askari, na kanda ya kwanza ilipokwisha nilikuwa muumini.

Mwenye video alikuwa mtu mnene, mwepesi wa hasira, na sheria yake ilikuwa moja: filamu ya bunduki haiingii. Alikuwa ametundika spika nje juu ya mlango ili mtaa usikie na uvutwe, na katika mji wetu wa wakati ule mlio wa risasi haukumvuta mtu, ulimkimbiza. Kwa hiyo ilikuwa karate mchana mzima, mpaka jenereta likohoe au saa ya kurudi nyumbani ifike. Nadhani hata bila sheria hiyo tungechagua hivyohivyo. Katika karate adui anakuja kwa miguu yake mwenyewe. Anasimama mbele yako, anainama kidogo, anakuambia alifundishwa na nani na kwa nini anataka kukuua, kisha anangoja ujiandae. Wewe uliyekulia penye amani huwezi kujua jinsi jambo hilo lilivyotupendeza. Tulikaa kwenye viti vya mbao, jasho likitutiririka, tukitazama adui mwenye adabu.

Filamu zilisema Kichina, au Kifaransa kilichobandikwa juu ya Kichina, kwa hiyo kulikuwa na mfasiri. Alisimama ubavuni mwa televisheni. Kichina hakujua hata neno la kuombea maji, Kifaransa alikijua kwa kubahatisha, lakini hakuna aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio. Shefu-bandi, yaani mkubwa wa wabaya, alimpa sauti ya mtoza ushuru wa sokoni, na tulimchukia tangu neno la kwanza. Mpiganaji mkuu, ambaye kila mtu Kongo anamwita akteri, alimpa sauti yake mwenyewe.

Maakteri walikuwa wengi, ila watu wenye akili walipendelea wawili, na kuhusu hao wawili watu wamenuniana.

Yaya alikuwa upande wa yule tuliyemwita wa Kifua, kwa sababu hakuna filamu aliyoimaliza na shati. Lazima niseme ukweli, alikuwa mzuri. Alisimama bila kutikisika mpaka ukadhani picha imekwama. Walipomjia, ngumi yake ilisafiri shubiri moja tu, fupi, kama mtu anayebisha hodi, na aliyepigwa akaruka akatoboa ukuta. Milango alivunja kwa ngumi. Mbao alivunja kama biskuti. Uso wake haukusema kitu, na huo uso ndio ulionitisha na kunivutia pamoja. Hadithi zake zote zilikuwa moja: mwalimu wake ameuawa, au baba yake, anapiga magoti kaburini, anavua shati, anakwenda.

Wangu mimi alikuwa wa Kiti. Alikuwa mfupi, mwenye pua nene, na vita hakuvitaka kabisa. Ukimfuata alikimbia, tena alikimbia kweli, chini ya meza, juu ya paa, katikati ya miguu ya ng'ombe. Ni pale alipobanwa ukutani ndipo mkono wake ulipapasa nyuma na kukuta kiti. Basi, ole wako. Kiti kile alikizungusha, akauingiza mkono wa adui katikati ya miguu ya kiti, akakikalia kidogo apumzike, akainuka nacho tena. Kila kitu nyumbani kilimsaidia: ufagio, kapu, ubao wa kufulia. Nilirudi kwetu nikivitazama vyombo vya mama kwa heshima mpya. Na alipompiga mtu ngumi, ngumi ilimuuma yeye pia. Alikunja uso, akakung'uta mkono, akaupuliza, fuu, fuu, kama mpishi aliyegusa sufuria ya moto. Ukumbi mzima ulicheka. Yaya hakucheka.

"Mwanaume hapulize mukono," alisema tukiwa njiani kurudi.

"Ile ya wako haiumi kwa sababu yeye hapigi mutu," nikamjibu. "Ulishaangalia muzuri? Unaona ngumi, kisha unaona uso, kisha mutu iko chini. Katikati wamekata. Wako anapigana na makasi. Wangu anapigana na batu."

Sikuwa namchokoza bure. Nilikuwa nimekaa na kutazama. Katika filamu za wa Kifua picha ilikatwakatwa, huwezi kuapa kwamba ngumi ilifika. Katika za wa Kiti kamera ilikaa mbali, ikatulia, ukaona miguu, ukaona sakafu, ukaona watu wote ndani ya picha moja, na kosa dogo tu lingeonekana. Mapigano yake marefu yalikuwa na mwendo wa ngoma. Kuna pahali alianguka kutoka ngazini na unaona waziwazi kwamba hakupanga kuanguka vile, akainuka akichechemea akaendelea, nami nikapiga makofi peke yangu mpaka watu wakageuka. Yaya alinivuta nikae. Lakini alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile nililibeba mpaka nyumbani nikampa mama habari yake.

Siku nyingine wa Kifua alipigana ndani ya shamba la mpunga. Watu wetu wa bondeni, waliokimbilia mjini na kuacha mashamba yao, walikuwa wengi ukumbini siku ile. Adui wakaja kwa makundi, akawaangusha mmoja mmoja, maji yakiruka, na niliposikia watu wanalia nilidhani wanamlilia aliyechomwa kisu. Kumbe walikuwa wanalilia mpunga. "Mama weee, mupunga!" alisema mzee mmoja nyuma yangu, ameshika kichwa. "Wanaukanyaga!"

Jioni, tukila ugali, papa aliuliza tulichoona. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza, filamu alizidharau. Yaya alimsimulia ule ugomvi wote, ameacha chakula, anaonyesha kwa mikono.

"Mupunga ulikuwa wa kiasi gani?" papa akauliza.

"Ya magoti, papa."

"Na wakaukanyaga yote?"

"Yote. Na yeye akawamaliza bote."

Papa alitafuna polepole. "Na nani alirudia kupanda?"

Yaya akafikiri. "Filme haikuonyesha."

"Aah," papa akasema, akaomba tumsaidie kugeuka.

Mimi nilidhani tumeshinda. Nilimfuata yaya nje alipokwenda kunawa, nikaanza: umesikia papa, umeona, wa Kifua anaharibu na kuondoka. Aliniacha niseme mpaka nimalize, jambo ambalo si la kawaida kwetu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Ule wako wa Kiti, papa yake wakimuvunja kiuno mu barabara, atafanya nini? Atakimbia tu? Atachekesha batu?"

Nilifungua mdomo wangu niliopewa na Mungu, na hakuna kilichotoka.

"Unaona," akasema. "Siku ya posho tutaangalia filme ya mwisho. Yenga tunapanda."

Posho ni Jumamosi, yenga ni Jumapili, na kupanda ni kupanda milimani kwa wapiganaji. Nililia usiku ule na sikuona haya. Asubuhi mama aliona mfuko wa nguo zake chini ya kitanda, nami niliuona, na yaya aliona tumeuona. Mama alitoka na beseni lake la ndagala akaenda sokoni kama siku zote. Alipopita mbele yangu alinitazama tu.

Jumamosi ile ukumbi ulifurika. Kanda ilikuwa mpya, imevuka mpaka kutoka Bujumbura asubuhi hiyohiyo, na akteri alikuwa wa Kifua. Kwa kawaida mwenye video alitazama kila kanda peke yake kwanza, kukagua kama ina bunduki. Siku ile mafuta ya jenereta yalikuwa haba, na jalada lilionyesha ngumi tupu. Akaliamini jalada.

Nami nasema ukweli ingawa wa Kifua si wangu: ile ilikuwa filamu yake bora. Kwa mara ya kwanza hawakuikata. Nyumba ya shefu-bandi ilikuwa juu ya ngazi ndefu za mawe, na yeye alipanda ngazi zile akipigana, picha moja ndefu, kamera ikimfuata mgongoni, na ulihesabu pumzi zake. Mtu wa marungu, akamweka kando. Ndugu wawili wa mikuki, akawafunga kwa mikuki yao wenyewe. Hata mimi nilikuwa nimesimama. Yaya alikuwa mbele yangu, mabega yake yanapanda na kushuka pamoja na yule mtu, na nilijua kwamba filamu hii inampeleka milimani, na bado ilikuwa nzuri, na nilichukia kwamba ni nzuri.

Akafika juu. Shefu-bandi alikuwa amekaa anakunywa chai. Akatabasamu, akaingiza mkono ndani ya kanzu yake, akatoa bastola.

Bastola ikalia.

Sisi wa ndani hatukukimbia. Sisi tulikuwa tumeona. Tulichofanya ni kupiga kelele kwa hasira, ukumbi mzima, kwamba huyo ni mwoga, ni mwizi, hiyo si karate. Lakini spika ilikuwa nje. Mtaa wa Kimanga ulisikia mlio wa risasi na, baada yake, watu wengi wakipiga mayowe. Wangejuaje? Walifanya kilichotakiwa: wakabeba watoto wakakimbia. Nasi ndani tukasikia vishindo vya miguu, sufuria zikianguka, mwanamke akipita dirishani akilia, "Wanakuya! Wanakuya!" Hapo nasi tukaamini. Wao walitukimbia sisi, sisi tukawakimbia wao. Askari wa kizuizi barabarani, walipoona mji unawajia mbio, wakapiga risasi hewani, na hizo zilikuwa za kweli, kwa hiyo sasa hapakuwa na mwenye shaka. Tulitoka kwa mlango, kwa madirisha, wengine na viti.

Watu wote waliteremka kuelekea ziwani. Yaya peke yake alipinda upande mwingine, kuelekea kwetu Mulongwe, akisukumana na umati mzima. Nilimfuata nikimwita. Hakugeuka. Alikimbia kama sijawahi kumwona akikimbia, akaruka mtaro, akapita chini ya kamba za nguo, akaangusha banda la kuku la jirani, shati likanasa kwenye ua wa miti likabaki huko.

Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Mama alikuwa sokoni, na papa alikuwa amejikokota mpaka akaufunga, kama tulivyofundishana wakati ule: ukisikia risasi, funga, lala chini. Kulala alilala. Kuinuka ndiko kulimshinda.

"Papa, fungua!"

"Siweze kuamuka!"

Yaya alirudi nyuma hatua chache. Alisimama miguu imepanuka, kifua wazi, akavuta pumzi, na uso wake haukusema kitu. Akapiga ngumi ile fupi, katikati ya mlango. Mlango haukupata hata habari. Papa mwenyewe aliupigilia, kwa mbao nene za libuyu, mti mgumu kama chuma. Akapiga tena. Nikasikia mfupa.

"Unafanya nini?" papa akauliza kutoka ndani.

Yaya alikuwa ameukumbatia mkono wake, macho yamejaa machozi. Akatazama huku na huku. Kando ya ukuta kulikuwa na kiti cha zamani cha mama, kile kidogo cha miguu mitatu alichokuwa akikalia akisafisha samaki. Akakinyakua kwa mkono mzima, akaingiza mguu wa kiti chini ya mlango, akakalia upande wa pili kwa uzito wake wote, nami nikaruka nikakaa juu ya mapaja yake. Mlango ukanyanyuka, ukatoka kwenye bawaba, ukaanguka ndani.

Alimtoa papa nje amembeba mgongoni. Papa alikuwa mrefu kuliko yeye, miguu yake ikaburuta. Tuliteremka mpaka kwenye matete kando ya mto Mulongwe, na yaya aliingia ndani ya maji mpaka magotini ili papa asikwaruzwe na mawe, akajikwaa, akainuka, hakumwangusha. Tukajificha pale, papa bado mgongoni kwake, kwa sababu nyonga haikuweza kukalia matope.

Wa kwanza kutuletea habari alikuwa mfasiri. Alikuja kando ya mto akitweta, akipiga kelele kwa sauti yake ya akteri: "Ni filme! Batu, murudi, ni filme tu!" Watu wakachomoza vichwa ndani ya matete kila upande, wengine wamelowa, mmoja amekumbatia mbuzi asiye wake. Kisha kicheko kikaanza mahali fulani na kikashika ukingo wote wa mto. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Papa alikuwa ameegemeza kidevu kwenye bega la mwanawe.

"Na yule akteri," akauliza, "wakamupiga risasi, alikufa?"

"Sijue, papa. Nilitoka."

"Ulitoka mbele ya mwisho?"

"Ee. Mbele ya mwisho."

Mkono wa papa, uliokuwa umeshika shingo ya yaya, nikauona unakaza.

Usiku mama aliukanda mkono wa yaya kwa maji ya moto na chumvi. Ulikuwa umevimba kama kiazi. Hakuna aliyetaja mfuko ulio chini ya kitanda, na sikulala, nikisikiliza kama utasogezwa.

Alfajiri tulisikia mluzi nje ya ua. Yule kijana wa karanga alikuja, na nyuma yake wenzake na vifurushi. Yaya akatoka. Mama akanishika mkono, tukasimama nyuma ya pazia lililoning'inia mahali pa mlango wetu uliovunjika.

"Twende," kijana akasema. "Mufuko iko wapi?"

"Mupande tu. Minye nabaki."

"Unabaki? Weye? Na papa yako vile walimufanya?"

"Nabaki naye. Nani atamubeba?"

Kijana akacheka, akawageukia wenzake. "Kumbe! Weye uliogopa."

Nilijua ndugu yangu. Nilijua kwamba kwa neno hilo moja angeweza kwenda. Nilimwona akiinua mkono wake uliofungwa kitambaa, nikadhani anampiga. Aliutazama. Kisha akakunja uso, akaukung'uta mara moja, akaupuliza, fuu, fuu, mbele yao wote.

"Ee," akasema. "Inauma."

Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga kwenye video maisha yake yote, alinisogelea sikioni akauliza anafanya nini huyu.

"Anafanya akteri, mama," nikamwambia. "Ni ule wangu."